Namba yangu ya madoa ya Jua hailingani na ya Brussels. Niifute?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja mkoani Singida. Ndugu yangu aliyerudi kutoka Oman aliniletea darubini ndogo. Lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 60 na urefu wa fokasi ni milimita 700. Nilisoma kwamba watu wa kawaida huhesabu madoa ya Jua na namba zao hutumiwa na wanasayansi, nikaanza mwenyewe kwa kutupa taswira ya Jua kwenye karatasi. Siku moja nilipata makundi matatu na madoa manane, yaani 38 kwa kanuni ya Wolf. Kituo cha kimataifa kilichoko Brussels, Ubelgiji, siku hiyo kiliandika 61. Siku zilizofuata ikawa hivyo hivyo, mimi chini, wao juu. Nimekosea wapi? Niendelee, au kwa kuwa kuna satelaiti napoteza muda? Na wazee hapa wananiuliza kama madoa haya yanaleta mvua au ukame. Niwajibu nini?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Naanza na lile linalokukera: hujakosea. Hiyo 38 iache ilivyo, kwa kalamu ya wino, na usiiguse tena. Namba ya kituo si jibu la mtihani ambalo wewe ulitakiwa ulipate. Inatokana na watu wengi, kila mmoja na darubini yake, macho yake na anga lake, baada ya kila mmoja kupimwa anatofautianaje na wenzake. Ukiifuta 38 ukaandika 61, huongezi usahihi wowote duniani. Unanakili kazi ya wengine na kuipiga muhuri wa Singida.

Tuitazame kanuni yenyewe. Rudolf Wolf, Mswisi, aliitunga katikati ya karne ya 19 akiwa Bern, kabla hajahamia Zurich. Aligundua kwamba mwenye darubini kubwa ataona vidoa vingi vidogo ambavyo mwenzake mwenye darubini ndogo hataviona, lakini wote wawili wataona makundi karibu yale yale. Kwa hiyo akalipa kila kundi uzito wa madoa kumi. Unazidisha makundi kwa 10, unajumlisha madoa yote, halafu jumla hiyo unaizidisha kwa namba iitwayo k. Wewe ulifika 30 kujumlisha 8 ukaishia hapo, na wengi huishia hapo. Hiyo k ndiyo iliyobeba kila kinachomtofautisha mtu na mtu: ukubwa wa lenzi, ukali wa macho, utulivu wa hewa, hata tabia ya mtu ya kuthubutu au kusita mbele ya kidoa kilichofifia. 61 gawanya kwa 38 unapata 1.6. Kwa siku ile moja, hiyo ndiyo k yako.

Nikupe kisa ambacho mimi hukirudia kila ninapotamani kurekebisha namba zangu. Wolf hakuhesabu kila alichokiona. Vidoa vidogo kabisa, visivyo na ukingo wa kijivu, aliviruka kwa makusudi, ili namba zake ziendane na za watu wa zamani waliokuwa na vioo hafifu. Msaidizi wake, Alfred Wolfer, hakuliafiki jambo hilo. Yeye alihesabu kila kidoa. Basi wakahesabu sambamba, kila mmoja kwa njia yake, kuanzia 1876 hadi Wolf alipofariki mwaka 1893. Miaka 17 ya watu wawili kutazama Jua lile lile na kuandika namba tofauti bila kulazimishana! Ilipopigwa hesabu, ikaonekana kwamba namba za Wolfer zikizidishwa kwa 0.6 zinakaa sawasawa kwenye kipimo cha Wolf. Hiyo 0.6 iliendelea kutumika kwa zaidi ya karne nzima, hadi Julai 2015 ilipoondolewa na uhesabuji wa Wolfer ukafanywa ndiyo kipimo kikuu. Ukikutana na kitabu cha zamani chenye namba ndogo kuliko za leo kwa miaka ile ile, sababu kubwa ni hiyo. Sasa fikiria kama Wolfer, kwa heshima kwa mkubwa wake, angekuwa anachungulia daftari la Wolf na kupunguza vidoa ili wafanane. Daraja kati ya karne mbili lingekosekana.

Na kuna kisa cha upande wa pili. Baadaye huko huko Zurich wahesabuji walishika mtindo wa kulipa doa kubwa thamani ya madoa mawili, matatu, hata matano. Hapakuwa na nia mbaya. Lakini kuanzia miaka ya 1940 mtindo huo ulizipandisha namba kwa kama asilimia 18, na ukubwa wa athari hiyo haukupimwa vizuri hadi miaka mingi baadaye, wahesabuji wa Locarno, kituo cha Uswisi ambacho ni kigezo cha mtandao mzima wa wahesabuji, walipohesabu kwa njia zote mbili siku hizo hizo. Unaona mwalimu? Tofauti ya Wolf na Wolfer ilikuwa kubwa lakini haikubadilika, kwa hiyo ikarekebishika kwa kuzidisha mara moja. Tofauti ya pili ilikuwa ndogo lakini iliingia njiani, nayo ikasumbua watu kwa miongo. Katika kazi hii kuona kidogo kunasameheka. Kubadilika kimyakimya ndiko kunakoharibu.

Kuhusu satelaiti, sikulaumu kuuliza. Chombo cha Marekani kiitwacho SDO kiko angani tangu Februari 2010 na kinapiga picha za Jua usiku na mchana, kali kuliko chochote utakachokiona Singida. Tatizo ni kwamba orodha ya madoa inaanza mwaka 1700 kwa wastani wa mwaka, 1749 kwa wastani wa mwezi na 1818 kwa namba za kila siku. SDO haikuwepo. Waliokuwepo ni watu kama Heinrich Schwabe, mfamasia wa Dessau, Ujerumani, aliyeanza mwaka 1826 akitafuta sayari aliyodhani imejificha ndani ya njia ya Zebaki. Sayari hakuipata, lakini mwaka 1843 alitangaza kwamba madoa huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa kama miaka kumi. Leo tunajua wastani ni miaka 11. Ukitaka kulinganisha Jua la leo na Jua la Schwabe, lazima upime kwa chombo kinachofanana na chake: jicho, lenzi ndogo na penseli. Ndiyo maana kituo cha SILSO, kilicho ndani ya Taasisi ya Kifalme ya Unajimu ya Ubelgiji na ambacho kilipokea kazi hii kutoka Zurich mwaka 1981, bado kinategemea mtandao wa vituo vipatavyo 80, na sehemu kubwa ya vituo hivyo ni watu binafsi wenye darubini ndogo majumbani. Marekani nako, chama cha AAVSO kina kitengo cha Jua tangu 1944 kinachopokea hesabu za watu kama wewe.

Kwangu mimi mfano mkubwa ni Hisako Koyama wa Japani. Alianza wakati wa Vita vya Pili na darubini ndogo aliyopewa na baba yake, baadaye akaajiriwa katika makumbusho ya sayansi ya Tokyo, akachora madoa kwa darubini ile ile ya sentimita 20 kwa miongo minne hivi. Jicho moja, darubini moja, utaratibu mmoja. Wataalamu walipoziunganisha upya hesabu za karne nne, michoro yake ikawa mmoja wa mihimili.

Sasa usalama, na hapa nitakuwa mkali kwa sababu una wanafunzi. Darubini hizi za milimita 60 mara nyingi huja na kichujio kidogo cheusi au cha kijani kilichoandikwa SUN, cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho. Kitafute leo ndani ya boksi, kivunje kwa nyundo, kitupe. Kinakaa pale ambapo mwanga wote umekusanywa sehemu moja. Kinapata moto, kinapasuka, na jicho liko nyuma yake. Retina haina neva za maumivu. Mtoto ataungua bila kuguna, atagundua baadaye ubao ukiwa na shimo katikati. Kichujio cha kweli hukaa mbele ya darubini na hupitisha sehemu moja tu katika laki moja ya mwanga; kabla ya kila matumizi kinyooshe mbele ya taa uone kama kina tundu. Wewe unatumia karatasi, ambayo ni njia nzuri kwa darasa, ila hakikisha mambo mawili. Darubini ndogo ya kulengea iliyo ubavuni iondoe kabisa. Niliwahi kuisahau, nikainama kurekebisha karatasi, nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Lilikuwa bega la shati langu. La pili, usiiache darubini peke yake hata dakika moja, hata kwenda kuchukua penseli. Mtoto akiona bomba limeelekezwa juu, atachungulia.

Wapo pia wenye miwani ya karatasi waliyoihifadhi tangu kupatwa kwa Jua kwa tarehe 1 Septemba 2016, watu walipofurika Rujewa, Mbeya, kuona pete. Hiyo ni ya macho matupu peke yake, tena iwe haina mikwaruzo wala mikunjo. Ukiivaa ukachungulia kwenye darubini, mwanga utaitoboa. Na lile beseni la maji ambalo wazee wetu walitazamia kupatwa halitoshi: maji huakisi kama asilimia 2 ya mwanga, na asilimia 2 ya Jua bado ni kali mno kwa jicho.

Nikueleze asubuhi yangu, uchukue linalokufaa. Huanza saa mbili, kabla bati za jirani hazijapata moto. Jua likishapanda, hewa juu ya mabati na sementi huchemka na ukingo wa Jua kwenye karatasi hutetemeka kama sufuria ya uji. Kwa hiyo darubini naiweka kwenye nyasi, na siielekezi juu ya paa. Sababu nyingine ya kuwahi ni kwamba huku kwetu karibu na Ikweta Jua la mchana liko utosini, na kuishika karatasi chini ya bomba lililosimama wima ni mateso. Silengi kwa jicho. Natazama kivuli cha bomba ardhini. Kikijifupisha kikawa duara tu, taswira inaingia yenyewe.

Kwa darubini yako na lenzi ya jicho ya milimita 20, weka karatasi kama sentimita 48 nyuma ya lenzi hiyo, utapata duara la sentimita 15. Lichore kabla kwa bikari, kisha sogeza karatasi mbele na nyuma hadi Jua lijae ndani yake barabara. Lenzi ya milimita 4 iliyokuja kwenye boksi isahau. Inakuza taswira hafifu na inapata moto. Kola pana ya kadibodi ukiivisha kwenye bomba itatia kivuli kwenye karatasi, na vidoa vilivyofifia vitajitokeza. Kila dakika chache geuza darubini pembeni ipumue, maana baadhi ya lenzi za bei nafuu zina plastiki ndani.

Kwenye duara hilo, Dunia yetu ingekuwa na upana wa milimita 1.4. Chukua punje ya ulezi uiweke pale, wanafunzi waione. Lile kundi lililoleta dhoruba ya sumaku ya tarehe 10 Mei 2024, ya ngazi ya 5 ambayo ndiyo ya juu kabisa na ya kwanza tangu Oktoba 2003, lilikuwa na urefu wa Dunia kama 15 zikipangwa mstari. Kwenye karatasi yako lingechukua sentimita mbili. Doa lililokomaa lina kiini cheusi na ukingo wa kijivu kuzunguka kiini. Weusi huo ni wa kulinganisha tu: uso wa Jua una joto la kama nyuzi 5,500 za Selsiasi, kiini kina karibu 3,700, kwa sababu sumaku kali ya pale inazuia joto la chini lisipande. Kiini hicho ukikitenga peke yake angani kingewaka.

Wengi hukosea kwenye uchafu. Nyuzi za karatasi na vumbi la lenzi hufanana sana na vidoa vidogo. Tikisa karatasi taratibu: kidoa cha Jua kitabaki mahali pake, doa la karatasi litatikisika nalo. Zungusha lenzi ya jicho: vumbi litazunguka, Jua halitazunguka. Gonga bomba kidogo kwa kidole: Jua lote litaruka, na madoa ya kweli yataruka pamoja nalo. Mimi hufanya yote matatu kila siku, hata ninapokuwa na haraka.

Halafu kuhesabu. Hesabu viini, si kingo. Viini viwili ndani ya ukingo mmoja wa kijivu ni madoa mawili. Kundi gumu zaidi ni lile lililo karibu na kundi jingine, kwa sababu ukiligawa au kuliunganisha umepandisha au kushusha 10 kwa mkupuo. Kinachosaidia ni kujua kwamba kundi kwa kawaida hulala kuelekea mashariki na magharibi, likiwa na ncha mbili, moja ikitangulia. Upande wa magharibi utaujua bila dira: acha darubini imetulia, Jua litahama kwenye karatasi, na ukingo unaotangulia kutoka ni magharibi. Jambo la pili ni kuchora kila siku. Jua hujizungusha, kwa mtazamo wetu, kwa kama siku 27, kwa hiyo kundi hukatiza uso mzima kwa wiki mbili pungufu kidogo. Ukiwa umeliona likizaliwa, hutababaika likikua. Ila uamuzi wa jana usiubadilishe kwa sababu ya ulichokiona leo.

Nadhani hapa pia ndipo 23 zako zilipopotelea. Kundi moja dogo la vidoa viwili, lililo karibu na ukingo, linatosha kukunyima 12. Vidoa kumi na kimoja vya sindano ndani ya makundi uliyoyaona, umefika. Kwa darubini ya milimita 60 na karatasi, upungufu huo ni wa kawaida. Ukinunua kichujio cha mbele na kutazama moja kwa moja, utaona vingi zaidi, na mimi nakuunga mkono, lakini siku hiyo fungua daftari jipya. Karatasi na jicho ni vituo viwili tofauti hata kama mwenyewe ni mmoja.

Kwenye daftari andika tarehe, saa, hali ya hewa kwa alama 1 hadi 5, makundi, madoa, na namba ya Wolf bila k. Saa iwe ya kimataifa, na sisi tuna bahati isiyojulikana na wengi: chukua saa ya Kiswahili ya mchana ongeza tatu. Saa 2:15 asubuhi ni 05:15 ya kimataifa. Saa 11 jioni ni 14:00. Hakuna kuongeza sita halafu kutoa tatu, wala kuchanganya asubuhi na usiku.

Tafadhali tenganisha sifuri na wingu. Ukitazama Jua safi bila doa, andika 0. Kukiwa na mawingu usione kitu, acha wazi, weka mstari. Nimeona madaftari mazuri yakiharibiwa na mtu mwenye bidii aliyejaza sifuri siku za mvua. Sifuri ni kipimo kamili. Mwaka 2019, Jua lilipokuwa shimoni kati ya mizunguko miwili, siku zisizo na doa hata moja zilizidi 270. Mzunguko wa sasa, wa 25, ulianza Desemba 2019 na ulifika kileleni Oktoba 2024 kwa wastani wa karibu 160, ilhali jopo la wataalamu mwaka 2019 lilitabiri 115 kwa Julai 2025. Tunateremka. Ukidumu na kazi hii utafika kwenye asubuhi za karatasi nyeupe, na hizo ndizo zinazokatisha watu tamaa. Amka siku hizo pia.

Sasa hiyo k. Usiitafute kila siku, na usitazame namba ya Brussels kabla hujaandika yako. Ikiwezekana usiitazame hadi mwezi uishe. Jicho likishajua kuna makundi matano, litayapata matano hata kama yapo manne. Mwisho wa mwezi jumlisha namba zao kwa siku zile tu ulizotazama, jumlisha zako kwa siku hizo hizo, gawanya ya kwanza kwa ya pili. Usichukue wastani wa migawanyo ya siku moja moja, maana siku zenye namba ndogo zitavuruga kila kitu. Kumbuka pia namba yao ya siku hizo ni makisio ya awali, hurekebishwa baadaye. Rudia miezi mitatu, minne. Ikitoka 1.5, 1.6, 1.55, wewe ni mhesabuji mzuri. Ikitoka 1.1, 1.9, 1.3, tafuta kilichobadilika: pengine ulihamia saa za mchana, pengine umeanza kuhesabu vidoa ulivyokuwa ukiviruka. SILSO hupokea namba ghafi. Kazi ya kuzidisha ni yao. Wao wanahitaji kutoka kwako mfululizo mrefu usiobadilishwa mtindo, na anga la Singida la kuanzia Juni hadi Oktoba ni zawadi ambayo wahesabuji wengi wa Ulaya hawana.

Wazee wameuliza swali la maana, na lina historia hapa hapa kwetu. Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C. E. P. Brooks, alilinganisha kina cha Ziwa Victoria tangu 1896 na madoa ya Jua, akakuta vinapanda na kushuka pamoja. Ulikuwa ulinganifu wa kuvutia mno, na watu waliuamini. Miaka ikapita, ukavunjika. Kisha zikaja mvua kubwa za mwishoni mwa 1961. Ziwa likapanda zaidi ya mita mbili kufikia 1964, wakati madoa yalikuwa yakishuka kutoka kilele cha 1958 hadi shimo la 1964. Waambie kwamba mvua zetu zinafuata zaidi joto la Bahari ya Hindi na Pasifiki, na kwamba mizunguko miwili mitatu ya Jua haitoshi kumpa mtu neno la uhakika juu ya shamba la alizeti.

Yanayoguswa kweli na Jua la madoa mengi ni mengine. Mzee aliyesikiliza redio ya masafa mafupi anakumbuka sauti iliyokuwa ikipotea ghafla mchana kisha kurudi baada ya dakika kadhaa. Mara nyingine sababu ilikuwa mlipuko kwenye Jua, na unyonyaji wa mawimbi huwa mkali zaidi pale ambapo Jua liko utosini, yaani kwetu. Wapimaji wa ardhi nao, katika miaka ya madoa mengi, huona vipokezi vya GPS vikiyumba baada ya magharibi, kwa sababu tabaka la juu la anga karibu na Ikweta ya sumaku huvurugika saa hizo. Hilo unaweza kuwaambia bila wasiwasi.

La mwisho ni wanafunzi wako, ambao hukuwataja sana ila najua wamekuzunguka hiyo darubini. Waache wahesabu. Lakini siku utakayosafiri kwenda kusahihisha mitihani, usimwambie kijana ajaze safu yako. Mpe safu yake, herufi za jina lake juu, na k yake mwenyewe. Na siku mtakapokuwa wote, kila mmoja aandike namba yake kwenye kikaratasi na kukikunja kabla mtu yeyote hajatamka aliyoipata.